Kufuli la Mlango Kwenye Gita la Mjomba

Jumatatu, 9 Juni

Bonge amelala. Nimempigia besi polepole, bila kuwasha amplifaya, mpaka macho yakasalimu amri. Huyu ndiye msikilizaji wangu wa kwanza. Alipokuwa tumboni gita lilikuwa linamkalia mgongoni, na sasa hataki wimbo wowote wa kubembelezwa ila ule wa dum, dum. Shule niliiacha mapema, lakini kuandika naweza, na mtu mwenye mipango lazima aandike. Mipango ipo!

Asubuhi Mkuu wa bendi alipita. Hakukaa. Alisimama mlangoni akizungusha kofia mkononi, nikajua kuna neno. Akasema nilipokwenda kujifungua aliniahidi nafasi yangu ya besi itanisubiri, na yeye si mtu wa kuahidi mchana akasahau jioni. Ila yule aliyenishikia nafasi, Nyuzi Tano, naye watu wameshamzoea. Basi Jumamosi, kwenye dansi ya alasiri pale ukumbini, Nyuzi Tano atapiga nusu ya kwanza, mimi nitapiga nusu ya pili. Masikio yake ndiyo yatakayoamua.

Nyuzi Tano! Jina lenyewe majigambo. Besi zetu sisi wengine zina nyuzi nne na tunashukuru. Ya kwake ina tano, ina betri tumboni, na inasafiri ndani ya sanduku la magurudumu kama mgonjwa wa heshima. Mjomba wangu, ambaye alinifundisha na kunipa gita lake vidole vilipomgomea, husema uzi wa tano ni wa mtu asiyejua pa kuishia.

Baba Bonge aliporudi kutoka kwenye tanuri la mikate, nyusi zote unga, nikampa habari. Akafurahi. Halafu akauliza, je, nisipochukuliwa? Mama mkwe alikuwa anamvalisha Bonge zile soksi za bluu alizomfuma mwenyewe. Akajibu kabla yangu. Nisipochukuliwa, gita na amplifaya virudi kwa mjomba, na kwenye ile kona vinapokaa liwekwe kabati la nguo za mtoto, maana nguo zinalala kwenye maboksi kama za wahamiaji. Nikasema sawa. Kwa kiburi nilisema, na kidole juu!

Sasa siwezi kushindwa. Ile kona ni yangu. Mimi ni Mama Bonge, ndiyo, na sibadilishi na kitu. Lakini kuna saa mtu anataka kuwa Mama Bonge mwenye besi.

Bonge naye ana mtindo mpya. Kila penye upenyo anachomeka kitu. Leo kijiko kimekutwa ndani ya kiatu cha baba yake, na ganda la mkate nyuma ya amplifaya. Mtoto ana akili huyu.

Jumanne, 10 Juni

Mpango wa kwanza: nyuzi.

Nimekutana na Nyuzi Tano mbele ya duka la magita. Hakuonyesha kwamba ananiona adui, na hilo limeniudhi zaidi. Akamtekenya Bonge kidevu, akauliza anakula nini kunenepa hivi, kisha akauliza umri wa nyuzi zangu. Nikasema sijui, mjomba alizifunga kabla sijaolewa. Akashika kifua. Akasema nyuzi kuukuu ni sauti ya mtu anayeongea na shuka mdomoni. Yeye hubadilisha kila mwezi. Asiye na za kubadilisha na achemshe, uchafu utoke, sauti irudi inang'aa.

Adui mwenyewe kanipa silaha! Nilitembea mpaka nyumbani nikicheka peke yangu. Bonge naye akacheka, akidhani kuna kichekesho.

Gita la mjomba lina kifuniko cha bati kule mwishoni, pale mkono unapoegemea. Nikakifungua. Chini yake nini? Kipande cha sifongo, cheusi, kimekandamizwa chini ya nyuzi kama panya aliyefia njiani. Uchafu wa mjomba huo! Miaka yote hiyo besi inapumua kupitia takataka. Nikakitupa pipani, nikanawa mikono mara mbili. Nikatoa nyuzi zote nne, nikazikunja, nikazitia kwenye sufuria ya kuchemshia chupa za Bonge, nikawasha jiko, nikaenda kumbadilisha nepi.

Kurudi, mama mkwe amesimama jikoni na mwiko. Akaniuliza hizi ni tambi za namna gani, mbona hazilainiki. Alikuwa ameshatia chumvi. Na mafuta kidogo, zisishikane.

Nikamweleza. Akatazama ile kona, naona akiipima kabati.

Nyuzi nimezisuuza, nimezikausha, nimezirudisha, na kifuniko nimekifunga. Nikachomeka waya, nikapiga. Mama yangu! Vijiko vikianguka sakafuni. Na kila uzi ukiugusa haunyamazi. Unaendelea kulia hata ukishaenda kwenye noti nyingine, kama mgeni aliyeaga lakini bado yuko mlangoni anaongea. Bonge hajawahi kulia kwa sababu ya besi tangu azaliwe. Leo amelia.

Nimejiambia ni upya tu. Atazoea.

Jumatano, 11 Juni

Hajazoea. Jana jioni hakulala, leo mchana hakulala. Nikipiga, ananitazama mdomo umepinda, kama vile nimemletea mama mwingine.

Mjomba amekuja kumwona mjukuu wake. Nikaona nimpigie, anisifu. Nikapiga mistari miwili tu. Akatafuta kiti, akakaa. Akauliza nimefanya nini. Nikamwambia ukweli kwa furaha: nimechemsha!

Hakufoka. Ingekuwa nafuu angefoka. Alivua kofia kama yuko msibani.

"Mpwa wangu," akasema, "umechemsha jasho langu."

Nikamwandalia chai. Chai ilipompanda ndipo akaanza kunisomesha. Uzi wa besi ni kama sufuria ya nyumbani, mpya inaunguza. Mpiga besi hanawi kabla ya kupiga, ananawa baadaye. Na hao wanaotafuta sauti inayong'aa wakanunue vioo. Akaniambia besi haikai kuzungumza. Inagonga mlango, inaondoka, anayefungua anakuta wimbo. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nikamwuliza uchafu wa nyuzi huchukua muda gani kurudi. Akasema umri wa mtu. Nikamwambia mimi nina mpaka Jumamosi. Akavaa kofia, akambusu Bonge, akaondoka bila kuaga gita.

Lakini akili ni nywele! Mpango wa pili: uchafu wa haraka. Jasho ni nini? Ni mafuta na vumbi. Mafuta ninayo. Nimepaka nyuzi siagi iliyobaki kwenye mkate wa asubuhi, juu yake mafuta ya kumpaka Bonge, na juu yake vumbi kidogo kutoka juu ya fremu ya mlango, maana mama mkwe hafiki pale.

Matokeo: mkono wa kushoto ulianza kwenye uzi mnene, ukateleza gita zima, ukaishia ndani ya kikombe cha chai. Sauti ni ile ile ya vijiko, ila sasa vimelowa. Bonge ameramba shingo ya gita mpaka nusu. Baba Bonge aliporudi alisema nyumba inanukia keki.

Nimefuta kila kitu kwa kitambaa. Nikambeba Bonge nikamwimbia kwa mdomo, dum, dum. Alinionea huruma, nimeona machoni. Lakini hakulala.

Jumatatu nilikuwa na gita kuukuu lenye sauti. Leo nina gita safi lisilo na sauti. Nimelia kidogo, nikijificha kwenye nepi zilizoanikwa. Basi. Kesho ni kesho.

Alhamisi, 12 Juni

Siku kubwa! Naandika Bonge akiwa amelala mapajani, na tutafika huko.

Asubuhi nilirudi kwenye duka la magita. Nje ya duka kuna benchi, na kwenye benchi hawakosi wapiga besi wanaosubiri kuitwa mahali. Hawanunui kitu. Wanakagua tu. Leo walikuwa watatu, na wapiga besi watatu wakikutana maoni huwa saba. Nikauliza kwa ujumla, kama ninayemuulizia rafiki, hivi sauti ya besi hutoka wapi?

Wa kwanza akasema mti. Mti mzito. Besi yake ni nzito kiasi kwamba bega moja limeshuka, na anajivunia. Wa pili akasema mti ni wa kutengenezea milango, sauti iko kwenye vidole, ndiyo maana yeye nyumbani haoshi vyombo. Mkewe anajua. Wa tatu akawaangalia kama watoto. Akasema ni waya. Waya ukiwa mrefu sauti huchoka njiani, inafika kwenye spika ikiwa hoi, haina hata nguvu ya kusalimia. Hapo wakaanza kubishana kuhusu kupiga kwa kidole au kwa kipande cha plastiki. Mwenye vidole akasema kutumia plastiki ni kupanda kitandani na viatu, na mwenzake akasimama, kumbe yeye ndiye mwenye plastiki. Nikambeba Bonge, nikaingia ndani.

Muuza duka aliwaacha wapoe. Halafu akaniinamia, akaninong'oneza kwamba wale hawajui. Siri iko kichwani. Besi ikiwa na chuma kichwani, kule nyuzi zinakokazwa, sauti haikimbii hovyo, inatulia na kunenepa. Anacho kifaa chenyewe, kimetoka mbali. Akakifungua kwenye kitambaa kama dhahabu. Nikakitazama. Ni kipande cha chuma chenye skrubu.

Chuma! Chuma hata nyumbani kipo!

Mpango wa tatu, na mama wa mipango yote: kufuli la mlango. Ni kubwa kama ngumi, alilinunua mama mkwe tulipohamia hapa. Nimeketi sakafuni, gita nimelilaza mbele yangu. Nikapitisha kufuli kwenye kifungo cha kukazia uzi mnene, nikalifunga. Likagongagonga, nikaliviringishia kitambaa. Kazi hiyo ilinichukua akili yote. Bonge, Mungu ambariki, hakunisumbua hata kidogo. Alikaa kule mwisho mwingine wa gita, kwenye kile kifuniko cha bati, kimya, ulimi nje, anahangaika na mambo yake. Mtoto akiwa kimya ni baraka.

Nikamweka pembeni, nikachomeka waya. Nikapiga noti moja.

Dum.

Imerudi! Fupi, nene, ya upole. Inagonga mlango na kuondoka, kama alivyosema mjomba. Hakuna vijiko. Hakuna mgeni mlangoni. Tena nzuri kuliko ile ya Jumatatu! Nikapiga wimbo mzima, na kabla sijafika kiitikio Bonge alikuja akitambaa, akalaza kichwa mapajani pangu, akalala usingizi wa deni la siku zote hizi. Mguu mmoja una soksi, mmoja hauna.

Nimemtazama sana. Chuma, jamani. Chuma tu kichwani, na dunia imekaa sawa.

Soksi ya pili siioni. Ufunguo wa kufuli pia siuoni, na niliuweka hapa hapa. Siku ya ugunduzi nani anatafuta soksi?

Ijumaa, 13 Juni

Matatizo madogo madogo.

La kwanza, mlango haufungiki. Jana Baba Bonge alirudi akakuta nimeufunga kwa mkanda wa gauni. Akauliza kufuli liko wapi, nikamwonyesha. Akalizunguka gita mara mbili. Akaenda kunawa unga. Ni mtu mwema sana. Baadaye nikamsikia anamwambia Bonge, wakiwa wawili tu, kwamba mwizi akija atakuta kila kitu wazi isipokuwa besi.

La pili, gita sasa limeelemea upande mmoja. Nikiliachia kidogo kichwa kinaanguka kuelekea sakafuni. Lazima nilishike kama ninavyomshika Bonge siku hataki kuoga.

La tatu, mama mkwe na soksi. Ametafuta chini ya kitanda, kwenye maboksi, kwenye ndoo. Amenihoji. Alizifuma akiwa na maumivu ya vidole, na sasa mjukuu wake anatembea, au tuseme anatambaa, mguu mmoja nje. "Mwanangu," akaniambia, "nyumba ambayo gita linavaa kufuli na mtoto havai soksi, nyumba hiyo inahitaji kabati." Nimemfunga Bonge mguu kwa leso yangu. Anaonekana kama mchezaji aliyeumia.

La nne ndilo lilinitoa jasho. Nyuzi Tano alipita kutusalimu! Amemletea Bonge kinjuga cha mpira. Nilipomsikia kwenye ngazi nikalirushia gita shuka, likabaki limejikunyata kwenye kona. Akauliza kama nilichemsha. Nikasema ndiyo, kwa tabasamu la mwanasiasa. Akauliza nimeonaje. Nikasema tutaonana kesho. Akaomba aliguse kidogo tu, gita la mjomba ana hamu nalo siku nyingi. Nikamwambia limelala. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Na yeye akashusha sauti, akatembea kwa vidole mpaka mlangoni.

Ni mtu wa ajabu. Karibu nimpende. Lakini kona ni kona.

Baba Bonge ameegemeza kiti nyuma ya mlango na kusema kitatosha. Bonge amechukua kinjuga na kukichomeka kwenye mkono wa koti la baba yake.

Jumamosi, 14 Juni

Narudia kwa utaratibu, maana moyo bado unakimbia.

Ukumbi ulijaa. Mkuu aliketi pembeni ya jukwaa na kofia magotini, kama hakimu. Familia yangu yote ilipata meza karibu na spika kubwa: Baba Bonge na shati lililopigwa pasi, mama mkwe na uso uliopigwa pasi, Bonge na leso mguuni, mjomba na chai.

Nyuzi Tano akaanza. Alipiga vizuri. Naandika kwa uchungu, lakini alipiga vizuri. Alipogusa ule uzi wake wa tano vikombe vilitembea mezani, na mzee mmoja akashika kifua akidhani ni chake. Noti zilimiminika kama mbaazi kutoka kwenye gunia. Watu walisimama kumtazama. Ndiyo, walimtazama. Nikaona kitu: hakuna aliyecheza. Mpenzi wa dansi ukimfanya atazame, umemnyima miguu. Mjomba akaninong'oneza ngoma ikivuma sana hupasuka, kisha akaomba sukari.

Zamu yangu. Kupanda tu jukwaani kichwa cha gita kikanivuta, nusura niwapigie wapiga tarumbeta goti. Kufuli likang'aa kwenye taa. Kitambaa kilikuwa kimedondoka. Kicheko kikatoka meza za mbele. Mmoja akauliza kwa sauti kama besi yangu hutoroka. Mpiga drams akasema ufunguo ukipotea wimbo hautafunguka leo. Nilimtafuta Bonge kwa macho. Alikuwa amekaa begani kwa mama mkwe, amegeukia spika, anasubiri. Yeye hakucheka. Yeye alikuwa na usingizi na alimjua mhusika.

Nikampigia yeye.

Dum. Dum. Sikuongeza kitu. Niligonga mlango, nikaondoka. Mwanzoni watu hawakuniona kabisa, waliona miguu yao wenyewe. Yule mzee wa kifua akamsimamisha mkewe. Wakafuata wengine, meza kwa meza, mpaka viti vikabaki na mikoba. Mpiga drams aliacha utani, akainama, tukawa mtu mmoja. Na mama mkwe, ambaye husema besi ni kelele ya watu wanaohamisha makabati, nimemwona. Bega moja lilikuwa linakwenda. Lile lingine lilikuwa na Bonge, amelala mdomo wazi, pua imeelekea kwenye spika.

Mkuu alikuwa amefumba macho.

Tulipomaliza alikuja mpaka kwangu, akalitazama kufuli, akanitazama mimi. Akasema hajaisikia sauti hiyo tangu ujana wake, na hakujua kama bado ipo duniani.

"Nafasi ni yako, Mama Bonge. Ila nakuomba jambo moja. Jumamosi ijayo tunapiga harusi kubwa. Gita hilo usiliguse kitu. Lije vile vile lilivyo."

Nikaapa. Sitaligusa. Hata vumbi.

Nyuzi Tano alinifuata nikiwa nakunja waya. Nilijiandaa kwa maneno makali. Lakini alinipa mkono, na ulikuwa baridi. Akasema akiwa mdogo baba yake alikuwa na redio, na ndani ya redio kulikuwa na besi kama ile, na tangu hapo ananunua vitu akiitafuta. Nyuzi, betri, waya, gita juu ya gita. Akaniuliza ni nini.

Ningeweza kumnyima. Ni siri ya kazi. Lakini nilikumbuka alivyotembea kwa vidole nyumbani kwangu ili asiamshe gita. Nikamvuta karibu.

"Ni kufuli, kaka."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa kilichomuua jirani. Akanishukuru mara mbili.

Jumapili, 15 Juni

Nimeamka mpiga besi wa bendi! Nimemwambia Bonge, amefurahi, amenitemea uji wa mkate.

Mchana tumepita pale dukani. Naapa sikusema kwa mtu mwingine yeyote. Lakini kwenye benchi kila besi ina kufuli kichwani. Mwenye mti mzito amefunga la geti. Mwenye waya mfupi anabishana kwamba kufuli la shaba lina sauti ya joto kuliko la chuma, na mwenye vidole anasema inategemea kama limefungwa au liko wazi. Nyuzi Tano anayo mawili. Amepiga noti, amesikiliza, amekunja uso, amehamisha moja. Akaniuliza kwa nini ya kwake bado inalia tu. Nikamwambia kwa ushauri wa mzoefu: ongeza uzito. Muuza duka ameshapanga makufuli dirishani, yamelala juu ya kitambaa kile kile.

Nimerudi nyumbani roho nyeupe. Habari njema nyingine: ufunguo umepatikana, ndani ya kiatu cha kazi cha Baba Bonge. Anasema tangu Ijumaa amekuwa akichechemea akidhani ni uzee. Akataka kufungua kufuli lirudi mlangoni. Nikasimama mbele ya gita, mikono nimeitandaza. Mkuu kasema kisiguswe kitu, na mimi nimeapa! Akaelewa. Akaenda kununua jingine la mlango.

Nikaona nililaze gita vizuri, lipumzike kama mshindi. Ndipo nikaona uzi mwembamba wa bluu umechungulia kwenye kile kifuniko cha bati. Nikafungua. Soksi! Soksi ya Bonge, imekunjwa, imesokomezwa chini ya nyuzi zote nne, barabara, kama aliyeipima kwa rula. Nimecheka mpaka mama mkwe akaja mbio. Yeye hakucheka. Aliipokea kwa mikono miwili kama mpotevu aliyerudi.

Kifuniko hiki kila nikikifungua nakuta uchafu. Na fikiria! Kama besi ilisikika vile ikiwa na soksi kooni, itasikikaje sasa?

Nimeifua, nimeianika dirishani, imekauka, nimemvalisha. Ule mguu wake ulikuwa wa baridi siku zote hizi. Nimeukumbatia kwanza mpaka ukapata joto. Mama mkwe amesema tukitafakari vizuri kabati linaweza kuenea chumbani. Ameshinda nani? Tumeshinda wote.

Na kiapo changu hakijavunjika. Gita sijaligusa. Soksi si gita, soksi ni ya Bonge. Kufuli liko pale pale lilipokuwa.

Nimejaribu noti mbili tu, kabla ya kufunga. Sauti imefunguka! Inang'aa, inalia, haitaki kuisha. Bonge aliyekuwa amesinzia ameamka akilia kwa nguvu, nadhani ni furaha. Ila naona imezidi kidogo kukimbia, inataka kutulizwa. Nimekaa nikafikiri, na jibu limekuja lenyewe: kwa ukumbi wa harusi, kufuli moja halitoshi.

Hili jipya alilonunua Baba Bonge ni zito kuliko la kwanza. Ameliacha mezani na funguo zake zote mbili, anaoga.

Mlango utavumilia.